Jina la Nyigu wa Gashonga

Nyigu wetu ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia nyigu wanashika shavu, wanamkumbuka yule wa kwenye dari aliyewauma utotoni, kisha wanaanza kuniuliza dawa. Huyu haumi mtu. Ukimpulizia pumzi amepotea, na ukipiga chafya karibu naye umepoteza kazi ya wiki nzima. Yeye hutaga yai ndani ya mtoto wa inzi mweupe, yule anayenyonya majani ya mihogo na kuyaambukiza ugonjwa. Kinda humla mwenyeji wake kwa ndani, polepole, mpaka linabaki ganda jeusi. Halafu hutoboa tundu la mviringo juu ya ganda, akatoka zake bila kuaga.

Wadudu wa namna hiyo ni wengi duniani na wana majina yao vitabuni. Huyu wa mihogo ya mashamba ya Gashonga, jirani na kituo chetu, hakuwa nalo. Kwa sisi watu wa kazi hii, mdudu asiyeandikwa ni kama hayupo, hata kama anakutambalia kwenye mkono. Aliyesema kwamba huyu si kama wale wengine alikuwa mke wangu, Honorine.

Mimi naitwa Niyitegeka, fundi wa maabara katika kituo kidogo cha mihogo. Nilizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, kisha nikarudi Rwanda, au ndivyo watu wanavyosema, ingawa siku niliyovuka daraja la mpakani nilikuwa sijawahi kukanyaga huku. Honorine alikuwa Mushi, yaani wa kabila la Washi, wa mtaa wa Kadutu, pale pale Bukavu. Alinifuata akafundisha biolojia sekondari, na tukapata nyumba kwenye mteremko wa Mibirizi, mahali ambapo ukiangusha chungwa unalifuata bondeni. Mtoto hatukupata. Nalisema waziwazi ili usimngoje atokee katika hadithi hii.

Kazi tuligawana hivi: mimi mikono, yeye macho. Nilileta majani kutoka mashambani, nikayaweka kwenye chupa, nikawabandika nyigu kwenye vipande vya kioo kwa tone la gundi, nikapima, nikaandika, na kusema kweli nikapika pia. Yeye alirudi shuleni, akavua viatu, akakaa mezani karibu na dirisha ambako kituo kilituruhusu kuweka hadubini moja kuukuu, akatazama na kuchora. Siku aliyoona kitu alichokitafuta, hakuinua hata kichwa.

"Niyite, kuya uone," alisema. "Huyu iko na kanywele kamoja mu bawa, kanasimama paka kenyewe. Benzake habana."

Nilitazama, nikasema naam, nimeona. Nilikuwa na maharage jikoni.

Unywele huo mmoja, uliosimama peke yake katika sehemu tupu ya bawa la mbele, ndio uliomtenga nyigu wetu na ndugu zake wote. Kitu kingine kilichotushangaza ni kwamba wote walikuwa majike. Tulilea vizazi kwa vizazi ndani ya chupa na dume hakutokea. Majike wanazaa majike wenzao, hawamngojei mtu. Honorine alifurahia sana habari hiyo, akanitania kwamba dunia ingejiendesha vizuri tu bila mimi. Asubuhi akiwaona wameanza kutembea kwenye chupa alikuwa anasema, "Kamikazi ameamka," jina la Kinyarwanda la binti wa mfalme, kama vile kuna mmoja anayeishi ndani ya nyumba yetu. Niliona ni mchezo wake.

Kisha ini lake likaugua. Tulizunguka na ugonjwa huo muda mrefu kuliko nguvu zake, na mwaka jana, masika yakianza, alikufa. Tulimzika Mibirizi. Mvua ya huku unaijua. Msalaba wa mbao tuliouweka ulikuwa umeanza kupauka kabla maua hayajaoza.

Sitaki kueleza sana nyumba ilivyokuwa baada ya hapo. Nilikuwa napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha nakasirika, kisha nakila chote kwa hasira. Jirani yangu Védastine, mjane mwenye moyo mwema na mdomo usiopumzika, alikuja siku moja na mboga, akaangalia zile chupa zilizojaa majani dirishani, akatikisa kichwa.

"Papa Niyitegeka, muntu hawezi kuishi na badudu," alisema. "Tafuta muntu."

Nilimwambia badudu hawasemi sana. Alicheka, akaacha mboga, na hakukasirika, jambo lililoniudhi zaidi. Alipoondoka nililia nikichambua ile mboga. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba hata kelele zake nilizitamani tena kabla hajafika barabarani.

Nilichokuwa nacho ni ile kazi. Nikasema nitaimaliza. Nilipanga michoro yake, nikaandika maelezo kuanzia kipapasio mpaka mkia, nikafika mahali ambapo desturi inakutaka ueleze dume, nikaandika: Dume hajulikani. Nilikaa nikiyatazama maneno hayo mawili kwa muda. Kisha nikafika kwenye jina. Hapo sikufikiri hata kidogo. Nikampa jina la Honorine, kwa Kilatini chake, honorinae. Na juu kabisa, kwenye waandishi, nikaweka Honorine wa kwanza na mimi wa pili. Nilituma kwa jarida moja la mbali, nikavimba kifua peke yangu sebuleni.

Jibu lilikuja kwa Kifaransa kizuri kutoka kwa mhariri, mama mmoja ambaye simjui sura. Alisifu michoro. Alinipa pole. Kisha akaeleza kwa upole kwamba kuna jambo moja: katika kazi yetu mtu hampi mdudu jina lake mwenyewe. Halikatazwi, lakini ni aibu, watu watacheka, na wasiojua kwamba bibi huyu amefariki watadhani alijitukuza. Nichague. Ama Honorine abaki mwandishi na mdudu apewe jina jingine, ama mdudu aitwe Honorine na yeye aondolewe kwenye waandishi, nibaki mimi.

Nilikuwa naijua desturi hiyo. Ndiyo maana nilikasirika: alinikumbusha nilichokuwa nimejisahaulisha kwa makusudi. Niliitukana ile kompyuta ya kituo mpaka mlinzi akachungulia.

Kwa kuwa sikujua la kufanya, nilikwenda kumuuliza mama yake. Nilivuka daraja la Rusizi siku ya Jumamosi pamoja na akina mama wa nyanya na vitunguu, nikapanda Kadutu kwa miguu. Mama mkwe wangu aliwahi kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, miaka mingi, na sasa magoti yamemkatalia, anakaa kwenye kiti chake mlangoni na mtaa mzima unapita kumsalimu. Wote wanamwita Mama Honorine, kwa kuwa huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Waliendelea kumwita hivyo hata kwenye msiba, na mimi kila niliposikia "pole Mama Honorine" nilihisi kama mtu ananifinya.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc iko mududu," alisema. "Ya kweli? Inaonekanaka?"

"Kwa mashini, Maman. Kwa macho haionekane."

"Na banaweza kumuita Honorine."

"Banaweza. Lakini nitamuondosha mu ile fasi ya benye baliandika."

"Benye baliandika, nani atabasoma?" Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mukwe, mutoto wangu hakuacha mutoto. Jina yake inabakia mu kinywa yangu, na miye niko nazeeka. Utie jina yake. Bantu banaonaka jina, si bile bingine."

Nikasema ndiyo, Maman. Niliahidi. Tena mbele ya shemeji yangu Cubaka, aliyekuwa anarekebisha redio pale ndani, na Cubaka si mtu wa kuweka neno tumboni. Kabla sijafika daraja, bila shaka Kadutu yote ilikuwa inajua. Wiki iliyofuata nilisikia Mama Honorine amewatangazia wenzake wa jumuiya kwamba wazungu wa sayansi wameweka jina la binti yake juu ya mnyama, na padri ameombwa aitaje habari hiyo kwenye misa. Mnyama. Nilijaribu kufikiria kanisa zima linawaza mnyama gani.

Basi nikakaa kuandika upya. Kufuta jina la Honorine juu ya karatasi kulihitaji kidole kimoja tu. Nilijiambia namtoa pale ili nimweke mahali bora zaidi. Sasa karatasi ilikuwa inasema kwamba aliyeona kila kitu ni mimi, na aliyeuona ule unywele wa bawani ni mimi. Nikaona haya kidogo. Tangu siku ile ya maharage sikuwa nimeutazama tena. Nikasema, angalau niuone vizuri mwenyewe, nisitie sahihi kwenye kitu nilichokiangalia kwa jicho moja huku jingine likiwa jikoni.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, jua limefika mezani. Nikaweka kile kioo chini ya hadubini, yule jike mwenyewe aliyechorwa. Nikalitafuta bawa, nikalipata, nikaitafuta ile sehemu tupu. Ilikuwa tupu kweli. Hapakuwa na unywele.

Nilisafisha miwani. Nikasafisha lenzi. Nikaongeza mwanga, nikapunguza. Nikageuza kioo. Nikachukua jike mwingine, na mwingine. Bawa safi kama kioo cha dirisha. Nikakumbuka siku ile nilivyosema nimeona, na nikajua kwamba nilimwitikia tu mke wangu kama waume wanavyoitikia. Sikuwahi kuuona.

Saa hiyo ikanijia fikra mbaya kuliko zote. Labda haukuwepo. Labda ilikuwa vumbi, au mkwaruzo wa kioo, na Honorine aliyekuwa ameanza kuumwa bila sisi kujua aliona alichotaka kuona. Na kama haupo, basi nyigu wetu ni yule yule wa kawaida anayejulikana siku zote, na kitu cha mwisho alichofanya mke wangu hapa duniani si kitu. Niliinuka nikazunguka meza. Nilimkasirikia. Nilimwambia kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na mtu, kwamba ameniacha na aibu ya kwenda kuwaeleza watu, kuanzia kwa mama yake.

Kisha nikakaa tena, maana sikuwa na pa kwenda. Pembeni ya hadubini palikuwa na kadi ya mwaliko wa harusi ya mtoto wa Védastine, imekunjika pembe moja. Haikuwa imeondoka pale tangu Honorine alipoacha kukaa kwenye kiti hicho, na nilikuwa nafuta vumbi kuizunguka. Nikamwona tena alivyokuwa anafanya: jicho kwenye lenzi, na mkono wa kushoto unaichezesha kadi chini ya kioo, anaisogeza ndani, anaitoa. Siku zote nilidhani ni mkono wa mtu anayewaza, kama wengine wanavyotikisa mguu.

Nikaichukua kadi, nikaisogeza chini ya kioo polepole mpaka ikafunika nusu ya taa. Mwanga ukawa unakuja kwa upande mmoja tu. Bawa likageuka, likawa na mabonde na matuta kama mashamba ya huku jua likizama, na katikati ya ile sehemu tupu, na kivuli chake chembamba kimelala kando, unywele ukasimama. Mmoja. Mahali pale pale alipouchora.

"Nimeuona," nikasema. "Honorine, nimeuona sasa."

Nikageuka kabisa, na kiti kikalia. Kupitia mlango wazi wa jikoni niliona sufuria na ndoo ya maji. Nafikiri sikuwahi kuwa peke yangu kama dakika ile, hata siku ya kaburi, kwa sababu siku ya kaburi sikuwa na kitu kizuri cha kumwambia.

Nilirudi kwenye wale majike wengine mmoja mmoja, na kadi yangu ya harusi. Kila mmoja alikuwa nao. Lakini kadiri nilivyouona ndivyo nilivyojua kwamba siwezi kuandika kuwa nimeuona mimi. Mimi nilionyeshwa. Bila mchoro wake nisingejua pa kutafuta, na bila mkono wake nisingejua namna ya kutafuta. Kumtoa kwenye waandishi, hata kwa nia ya kumpa heshima, kungekuwa kumgeuza maua ya kuweka juu ya kazi yangu, wakati kazi ni yake. Namjua Honorine. Angeniuliza tangu lini nimekuwa na macho.

Nikarudisha jina lake juu, la kwanza. Nikafuta honorinae. Nilidhani nitasumbuka kutafuta jina jingine, nikaanza kuwaza mambo ya Gashonga na mihogo, kisha nikajiona mjinga. Mdudu alikuwa na jina. Kila asubuhi lilikuwa linaitwa ndani ya nyumba hii, na mwenye haki ya kulitoa ndiye aliyelitoa. Nikaandika kamikazi, nikaeleza kwa mstari mmoja kwamba ni jina lililochaguliwa na mwandishi wa kwanza alipokuwa hai, nikatuma. Mhariri alijibu kwa neno moja la Kifaransa, la kukubali, nalo lilinitosha.

Lililobaki lilikuwa Kadutu. Niliahirisha safari hiyo kwa kila kisingizio ninachokijua, mvua, mafua, foleni ya mpakani. Mwishowe nikavuka, na nilipofika Mama Honorine alikuwa ameandaa meza. Ugali, sombe ya majani ya mihogo, sambaza wa kukaanga. Cubaka alikuwa ametoka. Mama mkwe alidhani nimeleta karatasi yenye jina la mwanawe.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwamba sikutimiza neno langu, kwamba mdudu haitwi Honorine.

Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Nilishasema mu misa," alisema hatimaye. "Donc uliondosha jina ya mutoto wangu."

"Sikuiondosha, Maman. Njo yeye alimuona. Miye sikumuone, nilimuona nyuma, sababu ya yeye alinionyesha. Kama ningetia jina yake kwa mududu, ningesema njo miye nilimuvumbula. Ningemuibia."

"Na jina yake iko wapi?"

"Nyuma ya jina ya mududu. Kila fasi banaandika ile jina, mu inchi yote, banafwatisha jina ya mwenye alimupatia. Hata miaka mia. Banaandika mududu, kisha banaandika yeye."

Alifikiri. Nje mtu alipita akasalimu, hakujibu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Mwenye alimupatia jina," alirudia. "Honorine njo alimupatia?"

"Njo yeye. Alikuwa anamuitaka vile kila asubuyi. Kamikazi."

"Kamikazi." Alilitamka taratibu, kwa ulimi wa Kishi, mara moja, kisha tena. "Ni mwanamuke?"

"Ni banamuke yote, Maman. Hakunaka mwanaume."

Kitu kama kicheko kilimpita, lakini kiligeuka njiani. Alifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, mabega yakatikisika, nami nikabaki nimesimama na mikono yangu isiyojua kazi. Alipotoa kitambaa macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa imetulia.

"Ku kilio," alisema, "bantu bote balikuwa banasema Madame, Madame Honorine. Wakati ya kumuweka chini, ule padri aliuliza ni mama ya nani, bakanyamaza. Miye mwenye nilimuzaa, nikanyamaza." Alivuta kiti kilichokuwa mbele yangu, akakipigapiga kwa kiganja. "Ikala. Chakula inapola. Ikala ukule, Papa Kamikazi."

Miaka yote ameniita mukwe. Niliketi, nikamega ugali, nikala nimeinamisha kichwa, maana machozi yalikuwa yanadondokea sombe na sikutaka ayaone. Nilikula kila alichonipakulia. Jioni nikateremka mpaka darajani, nikavuka, nikapanda mteremko wa nyumbani na habari hiyo mdomoni, na sikuwa na wa kumwambia.